Wakala ananitoza zaidi ya bei ya tairi kwa kuifunga tu, na mke wangu hataki niifunge mwenyewe

Ndugu Mshauri,

Salaam. Ankara ya gereji iko mezani kwangu siku ya tatu sasa, na jambo lililoanza kama hesabu ya pesa limeingia mpaka kwenye mazungumzo ya nyumbani.

Nina pikipiki ya cc 650, tairi zisizo na tyubu: mbele 120/70 ya inchi 17, nyuma 160/60 ya inchi 17. Inatumia cheni na ina breki za ABS, zile zinazozuia gurudumu kujifunga ghafla. Naendesha kilomita 12,000 hivi kwa mwaka, kwenda na kurudi kazini, na siku za mapumziko mke wangu hupanda nyuma. Tairi ya nyuma huisha kwenye kilomita 9,000, ya mbele hufika 14,000. Kwa miaka sita nimeipeleka kwa wakala aliyeniuzia, na fundi anayeishughulikia ni yuleyule.

Safari iliyopita niliomba ankara iliyochambuliwa. Kung'oa na kurudisha gurudumu la mbele, saa 0.7. La nyuma, saa 0.9. Kubadilisha tairi mbili na kuzifanyia balansi, yaani kusawazisha uzito wa gurudumu, saa 1.0. Jumla saa 2.6 za kazi, na chini yake valvu mbili, vyuma vya balansi na ada ya kutupa tairi kuukuu. Kazi peke yake ilizidi bei ya tairi ya nyuma. Nami nilikuwa palepale nikisubiri: pikipiki iliingia, ikatoka baada ya dakika 80. Nilipouliza, wa mapokezi alinijibu kwamba hivyo ndivyo kitabu cha saa kinavyosema.

Sasa nimeona tairi hizohizo zinauzwa mtandaoni kwa robo tatu ya bei ya wakala. Nikapiga simu kuuliza kama nikizileta watanifungia. Wakasema ndiyo, ila kwa tairi ambazo hawakuuza wao, kazi inapanda kwa nusu. Niliona naadhibiwa.

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, anasema hiyo ni kazi ya jioni moja: liva mbili (vyuma vya kuchomolea tairi), maji ya sabuni na pampu. Yeye hubadilisha mwenyewe tairi za pikipiki yake ya cc 125. Alikuwa tayari kuja Jumamosi. Mke wangu akasema mbele yetu sote kwamba hatapanda pikipiki ambayo magurudumu yake tumeyafunga sisi wawili. Mdogo wake akanyamaza. Mimi niliumia, na tangu siku hiyo nikigusa habari ya tairi mazungumzo hukatika.

Kuna jambo jingine sijamwambia mtu. Mara ya mwisho rimu ya nyuma ilirudi na mkwaruzo mpya, na nati ya ekseli ilikazwa kiasi kwamba nilipotaka kurekebisha cheni sikuweza kuilegeza. Sikumwambia fundi. Namheshimu.

Nilipe na kunyamaza? Nimkubalie shemeji? Au nipeleke kwingine, na nikirudi kwa sevisi nimtazame fundi usoni vipi? Tairi ya nyuma imebakiza kidogo kufikia alama za kuisha.

Niliye njia panda

*

Ndugu yangu uliye njia panda,

Umefanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: umeomba ankara iliyochambuliwa. Hizo namba tatu ndizo zitakazotusaidia, kwa hiyo usiitupe karatasi hiyo hata kama inakuudhi.

Nikikusoma, naona mambo matatu yamefungwa kwenye kamba moja. Liko la bei, ambalo lina hesabu. Liko la mikono: nani anaaminika kufunga gurudumu linalombeba mkeo. Na liko la heshima, kwa fundi, kwa shemeji na kwako mwenyewe. Yakikaa pamoja kila moja linaonekana kubwa kuliko lilivyo, kwa hiyo tuyafungue taratibu.

Tuanze na zile dakika 80. Umezichukua kuwa ushahidi kwamba umepunjwa, na naelewa kwa nini. Lakini gereji nyingi za mawakala hazitozi kwa saa ya ukutani. Hutoza kwa muda uliopangiwa kazi. Fundi mzoefu akimaliza mapema unalipa ileile, na siku ekseli ikiwa imeshika kutu akahangaika saa nne, unalipa ileile pia. Hilo peke yake si wizi. Swali lenye uzito zaidi ni nini kilifanyika ndani ya hizo dakika. Je, ekseli ilifutwa na kupakwa grisi? Beringi zilizungushwa kwa kidole kusikiliza kama zinakwaruza? Pedi za breki zilipimwa? Nati ilikazwa kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu, au kwa bunduki ya upepo? Ile nati iliyokushinda kuilegeza inanifanya niulize hili la mwisho kwa mkazo. Pikipiki nyingi za ukubwa wa yako hukazwa nati ya ekseli ya nyuma karibu Nm 100 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza), na kitabu cha pikipiki yako kitakupa namba kamili. Nm 100 ni mkono wa mtu mmoja kwenye spana ndefu. Mtu mwenye nguvu za kawaida akishindwa kuifungua kwa spana ya namna hiyo, huenda ilikazwa kupita kiasi, au ilikazwa ikiwa kavu na chafu.

Sasa hesabu. Tuseme bei ya jozi ya tairi kwa wakala ni 100. Unasema kazi ilizidi bei ya tairi ya nyuma, basi tuiweke 60. Ukifanya kila kitu kwake, unatoka na 160. Ukinunua mtandaoni unalipa 75, lakini kazi inapanda kwa nusu na kuwa 90, jumla 165. Umeona? Kwa masharti aliyokupa, kuleta tairi zako na kumwachia pikipiki nzima kunakugharimu zaidi, si pungufu, na bado hujalipa usafirishaji. Pengine hasira ya kuona unaadhibiwa ilikuzuia kuifikisha hesabu hii mwisho.

Rudi sasa kwenye zile saa 2.6. Saa 1.6, zaidi ya asilimia 60, ni kung'oa na kurudisha magurudumu. Kazi ya mashine, yaani kutoa tairi, kuvisha nyingine na kufanya balansi, ni saa 1.0 tu kwa zote mbili. Ukiyang'oa magurudumu mwenyewe na kumpelekea yakiwa mkononi, ile 60 inashuka hadi 23 hivi. Kwa tairi alizouza yeye jumla inakuwa 123. Kwa tairi za mtandaoni na nyongeza yake ya nusu, 110. Na mkifanya kila kitu nyumbani na shemeji, ni 75, kabla ya kununua liva, vifaa na valvu mpya.

Kwa hiyo swali lako lilikuwa na milango miwili, wakala au nyumbani, kumbe kati yake kuna mlango wa tatu, na sehemu kubwa ya akiba iko hapo. Sikuambii kwamba lazima uingilie hapo. Gereji nyingine hutoza kiwango cha chini kwa kila gurudumu linaloletwa mkononi, hata kama kazi ni ya dakika 20, na nyingine hukataa tairi za nje kabisa. Uliza kwa namna moja tu: nikitoka langoni nimelipa kila kitu, valvu, balansi na kutupa tairi kuukuu zikiwemo, ni kiasi gani?

Kuhusu ile nyongeza ya nusu, mtazame na wakala kidogo. Faida yake hukaa pia ndani ya bei ya tairi, na tairi aliyoiuza ikiwa na kasoro anajua pa kuirudisha. Ukimletea yako, ikikataa kukaa kwenye rimu au ikitikisa usukani, utarudi kwake naye hana pa kwenda. Nusu ni nyingi, na unaweza kuomba ipungue, lakini si lazima iwe imekulenga wewe. Na kabla ya kununua mtandaoni soma namba nne za mwisho za alama ya DOT ubavuni: 2323 ni wiki ya 23 ya mwaka 2023. Bei ya chini wakati mwingine ni ya tairi iliyokaa ghalani miaka kadhaa.

Sasa shemeji. Moyo wake ni mzuri na ujuzi wake si wa kubeza, ila nadhani amebadilisha tairi za aina nyingine. Pikipiki nyingi za cc 125 zina tairi nyembamba na laini zenye tyubu. Ukingo wake hung'oka kwa kukanyaga kwa kisigino. Yako ya nyuma ni 160, haina tyubu, na ukingo wake wenye waya umekaa nyuma ya tuta dogo ndani ya rimu, uliotengenezwa usitoke hata upepo ukiisha barabarani. Kuubandua kunahitaji kifaa cha kukandamiza. Watu huutoa kwa jiriwa kubwa au kwa mbao ndefu iliyoegemezwa kama wenzo, na hapo ndipo diski za breki hupindwa: gurudumu limelazwa chini likikalia diski, mtu anakandamiza juu. Gurudumu lilazwe juu ya tairi kuukuu au vipande vya mbao, diski isiguse kitu.

Ukingo ukishatoka, siri yote ni lile bonde la katikati ya rimu. Upande ulio mkabala na liva lazima tairi isukumwe ndani ya bonde hilo na ishikiliwe kwa magoti. Ikipanda, mzunguko unakosa nafasi na liva inakuwa ngumu. Mtu anaongeza nguvu, na matokeo yake ni rimu iliyochubuka au ukingo wa tairi mpya uliokatika waya. Liva ikikataa, simama na urudi kuangalia bondeni. Kila hatua ichukue sentimita tano hivi, si zaidi, na chini ya liva kuwe na kinga ya plastiki. Ulainishaji ni sabuni ya tairi au maji ya sabuni. Oili na grisi hapana, huharibu mpira na kuiacha tairi iteleze juu ya rimu. Pikipiki ikiwa na kihisi cha upepo ndani ya gurudumu, liva isipite karibu na valvu.

Halafu kuna kuikalisha. Mshale ulio ubavuni ufuate mwelekeo wa gurudumu, na kama kuna doti ya rangi ya sehemu nyepesi, ikae kwenye valvu. Jaza upepo sindano ya valvu ikiwa imetolewa, ili uingie kwa kasi, mpaka usikie milio miwili ya ukingo kuruka mahali pake. Pampu ya mguu mara nyingi haina kasi hiyo kwa tairi pana. Hapo jioni ya shemeji hugeuka usiku. Kikomo cha shinikizo la kukalishia huandikwa ubavuni, kwenye tairi nyingi ni psi 40 (psi ni kipimo cha shinikizo la upepo). Ikigoma usipite kikomo: toa upepo, paka sabuni tena, rudia. Mwishoni angalia mstari mwembamba unaozunguka tairi jirani na rimu. Ukiwa umezama sehemu moja, tairi haijakaa, na itatikisika hata ikifanyiwa balansi ya namna gani.

Balansi yenyewe inawezekana nyumbani. Gurudumu huning'inizwa kwenye ekseli inayozunguka huru, sehemu nzito inashuka chini, unabandika vyuma vya gramu 5 upande wa juu hadi likae popote unapoliacha. Ni kazi ya subira tu.

Haya yote yanafanyika kwenye gereji za nyumbani kila siku, na shemeji anaweza kuyajifunza. Ila tazama tena namba: kati ya 110 na 75 kuna 35, na hiyo 35 ndiyo bei ya sehemu ngumu kuliko zote. Kwa kilomita zako unamaliza tairi mbili hivi kwa mwaka. Chukua gharama ya kifaa cha kubandulia, liva tatu na stendi ya balansi, ugawe kwa akiba ya mwaka mmoja, uone ni miaka mingapi. Kwa mtu mwenye pikipiki tatu nyumbani jibu ni tofauti na la mwenye moja.

Na kung'oa magurudumu nako si mchezo, nisikufiche. Utahitaji stendi mbili za kunyanyulia, ya nyuma na ya mbele, spana ya toki, na kifaa cha ekseli ya mbele ambacho mara nyingi ni cha pembe sita na hakimo kwenye vifaa vya kawaida. Nati zilegezwe pikipiki ikiwa bado ardhini. Piga picha kabla ya kugusa chochote, hasa bushi za pande mbili za kila gurudumu, maana hudondoka zenyewe na ya kushoto hufanana na ya kulia bila kuwa sawa. Kalipa, kile kifaa kinachobana pedi za breki, isining'inie kwa mpira wake wa breki. Ifunge kwa kamba. Kihisi cha ABS kitolewe kwa uangalifu, waya wake ni mwembamba. Gurudumu la nyuma likitoka, kishikio cha spoketi (gia ya nyuma inayozungushwa na cheni) huchomoka juu ya mipira yake: kiache nyumbani pamoja na bushi zote, usipeleke gereji kitu kinachoweza kupotea huko. Wakati gurudumu halipo, mtu yeyote asiguse breki, pistoni zitatoka nje ya mahali pake.

Wakati wa kurudisha, mbele: ekseli ikishaingia na kukazwa, shusha pikipiki, bonyeza shokapu mara kadhaa ili miguu yake ijipange, ndipo ukaze bolti ndogo za kubana ekseli, nyingi huwa karibu Nm 20. Ukizikaza kabla, mguu mmoja unabaki umevutwa pembeni na shokapu zinafanya kazi kwa kusuguana. Nyuma: cheni ipimwe ulegevu, kwa pikipiki nyingi za barabarani ni milimita 25 hadi 35 lakini fuata kitabu, na alama za pande zote mbili za mkono wa nyuma zilingane. Kisha lile ambalo likisahaulika linaua: pampu breki ya mbele na ya nyuma mpaka ziwe ngumu, kabla pikipiki haijasogea hata mita moja. Pedi zimesogezwa nyuma, na mkupuo wa kwanza wa breki haushiki kitu. Na hata ukiitoa kwa wakala, fanya hivyohivyo ukiwa bado uwanjani kwake.

Naja kwa mkeo. Umesikia kwamba hakuamini, na mdogo wake amesikia vivyo hivyo. Inawezekana. Lakini huenda alichosema ni kwamba hajui nani atakagua kazi yenu. Kwa wakala anaamini kuna mtu wa pili anayetazama, hata kama kwa kweli hayupo. Ukimuuliza ukiwa umetulia, bila shemeji pembeni, ni kitu gani hasa anachokiogopa, gurudumu kuchomoka, breki, au ninyi wawili kuharakisha kabla ya giza, utapata jibu la kufanyia kazi. Anaweza pia kusema hataki tu, kwa namna yoyote. Hilo nalo ni jibu, na yeye ndiye anayekaa nyuma.

Shemeji usimwache kwenye ukimya ule. Kung'oa na kurudisha magurudumu kunahitaji mtu wa pili wa kushikilia, na heshima yake itarudi kwa kazi anayoiweza kuliko kwa maneno ya kumtuliza.

Fundi wako je? Unaogopa kumtazama usoni ukipeleka gurudumu mkononi, ilhali tayari humtazami vizuri kwa sababu ya mkwaruzo uliouficha. Mafundi hupokea magurudumu ya mkononi kila wiki. Kwake ni kazi safi, anaiweka kwenye mashine na kuendelea. Kinachomfaa zaidi ni kusikia: "Fundi, mara iliyopita nati ya nyuma ilinishinda kuifungua, na rimu ina mkwaruzo hapa. Naomba safari hii ikazwe kwa toki." Ukisema hivyo unampa nafasi ya kurekebisha, na namna atakavyojibu itakueleza mengi kuhusu kuendelea naye au la.

Hatari ya kulipa na kunyamaza ni kwamba hutanyamaza kweli. Kila kilomita 9,000 utaumia upya. Hatari ya kwenda kwingine ni kumpoteza mtu anayeijua pikipiki yako kwa miaka sita. Hatari ya kufanya nyumbani nimekueleza kwa spana na Nm. Ipi unaweza kuishi nayo, wewe unajua zaidi yangu.

Muda bado unao kidogo. Tafuta ubavuni alama ya TWI, ile ya kuonyesha kuisha kwa tairi, au pembetatu. Imekaa sambamba na vituta vidogo ndani ya mifereji ya tairi. Vikilingana na uso wa tairi, hakuna tena kusubiri. Hadi hapo unaweza kupiga simu mbili tatu za bei na kuzungumza na mkeo bila pikipiki kukusukuma. Na ikitokea mmekubaliana kurudisha magurudumu nyumbani, mwombe yeye ashike kitabu cha pikipiki, akusomee Nm ya kila nati unapoikaza, na aweke alama ya kalamu ya rangi juu yake toki ikishalia. Kesho yake asubuhi, tairi zikiwa baridi, pimeni upepo. Ukiwa umepungua, pakeni maji ya sabuni kwenye valvu na kuzunguka rimu mtafute povu, na safari isubiri. Ukiwa uleule, kilomita 150 za kwanza ziendeshe peke yako, taratibu, bila kulala sana kwenye kona, maana uso wa tairi mpya huteleza mpaka usuguliwe na barabara.